Picha ya Zabibu, Mgongo wa Badru

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo tena! Wagonjwa watatu wa mgongo, hakuna hata mmoja mwenye picha ya eksirei. Nikiwaambia nendeni kwanza hospitali mkapigwe picha, ndipo niwanyooshe, wananuna. Eti marehemu mama yangu alikuwa akipapasa tu kwa vidole na mtu anapona. Najua! Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia chupa ya mafuta. Lakini nilikuwepo pia siku alipomvuta yule mzee wa Nyamwage, kumbe mfupa umepasuka. Hakutembea tena. Hilo hawalisemi. Wote watatu wamekwenda kwa Kondo, mnyooshaji mwenzangu — yeye anavuta bila kuuliza. Nimechoka.

Jumatano, 7 Mei
Mwanaharusi, mtoto wa kaka yangu, kamleta mumewe, Badru. Kadondoka kutoka juu ya dungu akifukuza ndege kwenye mpunga. Anatembea kapinda, jasho linamtoka. Nikasema picha kwanza. Mwanaharusi akasonya — mbele yangu!

Ijumaa, 9 Mei
Alhamdulillahi, kumbe wapo wenye masikio! Mwanaharusi karudi na picha. Nikaiinua dirishani: pingili zote zimejipanga, hakuna ufa. Nikamlaza Badru mkekani, nikamnyoosha. Mgongo ukalia. Naye akalia! Kaondoka na fimbo.

Jumapili, 11 Mei
Zabibu, dada yake Badru, kaja kuulizia picha yake ya mgongo, ile aliyoichukua Mwanaharusi. Anaitaka aende nayo kliniki Utete. Picha yake! Ya mwaka jana! Jina liko pembeni, limeandikwa wazi, na kusoma najua. Nilitazama mifupa tu. Nilifurahi mno kuletewa picha, mjinga mimi.

Nikamfuata Mwanaharusi kwake. Hana hata wasiwasi. Eti si wametoka tumbo moja, shangazi, mifupa itatofautiana nini? Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikataka kujizaba mwenyewe. Badru yumo ndani, kalala. Mguu wa kushoto una ganzi tangu juzi. Tangu nilipomvuta.

Jumatatu, 12 Mei
Hospitali, kwenye benchi. Nimekodi bajaji asubuhi, nimemleta mwenyewe. Mguu hauinuki kabisa. Kapigwa picha — safari hii ya kwake.

Daktari katuuliza: tangu aanguke, kuna mtu amemvuta huu mgongo? Nikafungua mdomo. Mwanaharusi akaniwahi: hajaguswa na mtu. Akanibana mkono chini ya kanga. Sijui ananisitiri mimi au anajisitiri mwenyewe. Daktari akaandika hivyohivyo, akaingia ndani kuisoma picha.

Na mimi nikanyamaza! Mimi ninayewafokea watu kila siku! Ilikuwa nimwambie palepale, anahitaji kujua. Naogopa. Nikisema, nimekwisha hapa Kibiti. Nisiposema, watamtibu kwa uongo wetu.

Mlango umefunguliwa. Daktari kashika picha, uso kaukunja. Anauliza nani kamleta huyu mgonjwa. Mwanaharusi ananionyesha mimi —