Kifandugu cha Baba Zuhura

Jumatatu, 4 Machi
Nimeijaza tena upepo ile tyubu ya pikipiki. Mume wangu, Baba Zuhura, haketi bila kuikalia, dukani wala nyumbani. Mwaka wa pili sasa mgongo unamuuma huko chini. Hamdani, mdogo wake, alimchua mgongo kwa mafuta ya habasoda miezi minane, eti ni mshipa. Mtu aliyeua kuku wake wote kwa dawa zake mwenyewe. Kesho majibu ya picha.

Jumanne, 5 Machi
Si mshipa. Ni uvimbe kwenye kifandugu, mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Daktari, binti mpole, alituchorea. Mtoto tumboni huanza na kitu kama uzi, mgongo ukajengeka kuuzunguka, kisha uzi ukayeyuka. Wa mume wangu haukuyeyuka wote. Chembe ilibaki, ikalala miaka hamsini na mbili, ikaamka. Kordoma, ndilo jina. Adimu sana. Ukatwe mapema pamoja na mfupa, kabla haujamnyima miguu na haja ndogo. Nililia kwenye teksi. Uzi tu, subhanallah.

Alhamisi, 7 Machi
Hamdani kaja na kanzu yake iliyonyooshwa. Kasema mwili wote unaoza ila kifandugu, na kutoka hapo ndipo tutafufuliwa. "Ukikatwa hicho, kaka, Siku ya Kiyama utaota kutoka wapi?" Kanywa chai yangu vikombe vitatu. Baba Zuhura kasema hakatwi. Namdharau huyu shemeji hadi naogopea swala zangu. Hadithi ya Mtume naijua, naiamini. Anayemuua ndugu yake kwa hiyo ndiye simwamini.

Jumapili, 10 Machi
Mguu wa kushoto una ganzi. Bado hataki. Hamdani kaleta mafuta mapya. Nimeyapaka bawaba za mlango. Huko yamefaa.

Jumatano, 13 Machi
Nimemuuliza mume wangu: jirani yetu aliyeungua na lori la petroli, haukubaki hata mfupa, hatafufuliwa? Kasema Mungu hashindwi. Basi kifandugu chako hata hakitaungua, nikamwambia. Tutakiomba hospitali, tutakizika kwa heshima. Aliyekuumba atajua kilipo.
Kanitazama sana. "Mama Zuhura, utakiomba kweli?"
Nitakaa mlangoni kwao mpaka wanipe.
Kasaini fomu ya upasuaji.

Ijumaa, 22 Machi
Saa tisa nzima kwenye chumba cha upasuaji. Kaamka, kaomba maji. Vidole vya miguu vinacheza. Alhamdulillahi. Hamdani anawatangazia wauguzi kwamba ni dua yake. Wanamwita sheikh. Sheikh wa kuku.

Jumamosi, 20 Aprili
Maabara wamemaliza nacho. Nimekipokea kwenye kopo lenye harufu ya dawa, nikakifunga kwa kitambaa cheupe. Kidogo mno. Tumekizika Makindye, ubavuni mwa kaburi la mama mkwe. Hamdani ndiye aliyechimba. Hakusema neno, mara ya kwanza tangu niolewe. Baba Zuhura alisimama kwa magongo yake, kisha akauliza kama hapo ndipo pake pa kuzikwa. Nikamwambia ndipo. Asiwe na haraka.