Mwamba Ulioufunga

Mama Mkubwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka Unguja ukanifundisha mimi peke yangu, ili tuweze kuwasema watu wa nyumbani mbele yao. Hapa Moroni, mtaani Magoudjou, sina wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo. Jirani zangu hunisikia nikijisemea jikoni wakadhani nasali. Pengine hawakosei sana.

Arobaini yako imepita. Sikutaka kukuandikia kabla yake, kwa kuwa nilihofia kwamba hasira ndiyo ingeshika kalamu. Sasa hasira imepungua na kilichobaki ni swali. Nilifundishwa chuoni kwamba swali likiulizwa vizuri hukaribia kujijibu. Hili nimeliuliza kila namna, na bado liko palepale.

Nianze na mwamba, maana ungeniuliza habari zake kabla hujaniuliza kama nimekula. Nilishuka na shoga yako Bi Echati wakati wa bamvua, kabla ya kupanda meli kurudi Moroni. Pale mabomu yalipoangukia, matumbawe bado yamelala kama sahani zilizovunjika. Lakini katika kifusi kile tuliona pweza, mkubwa, amejikusanyia vijiwe mlangoni pake. Bi Echati alisimama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu anajenga. Angemwona." Alikuwa anakusema wewe. Mimi nilijua kwamba pweza hupenda mahali palipovunjika, kwa hiyo huenda kuwapo kwake si dalili ya kupona hata kidogo. Sikumwambia. Sikuwa na hakika, naye alikuwa analia.

Unakumbuka walivyokucheka siku ulipowaambia wanawake wa mtaa waache kumwaga sumu ya utupa majini na kuzoa samaki wachanga kwa nguo, na mwamba ulio chini ya mtaa wetu ufungwe mpaka urudi? Mmoja alisema, "Basi Bi mkubwa amewatia pweza eda." Ukumbi wote ukaangua kicheko. Nawe ukajibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele uliokuwa unapepeta: "Eda huisha. Anayeivumilia huolewa tena." Nilikuwa nimerudi likizo kutoka masomoni, na nilidhani nimeona mzaha tu. Kumbe nilikuwa naona sheria ikizaliwa.

Sheria yenyewe ilikuwa ya kikwetu kabisa, na hapo ndipo uchungu wetu ulipoanzia. Wazee waliikubali kwa adhabu ileile ya siku zote: atakayevunja mwamba, watu wa mtaa hawatavuka kizingiti cha nyumba yake, kwa harusi wala kwa msiba, wala hawatabeba jeneza litokalo humo, mpaka asimame uwanjani baada ya sala ya Ijumaa na kuomba radhi. Na kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume, hata akiishi kwa mkewe, hubaki mtu wa nyumba ya mama yake. Nani katika ukumbi ule alifikiri kwamba mtu wa kwanza kuvunja angekuwa mwanao?

Athumani amenisimulia mwenyewe, siku moja tu, wala sijamwomba arudie. Yule afisa Mzungu, mmoja wa mamluki waliokabidhiwa kikosi cha walinzi wa rais, alikuja kwetu Mutsamudu na wenzake na akataka samaki kwa karamu yao. Akamwamuru askari mwenyeji amwonyeshe mahali penye samaki wengi. Athumani alivaa sare yao na kula mkate wao. Aliwapeleka. Bomu la mkono moja, kisha la pili. Walichukua walichoweza kubeba, na samaki wengine waliachwa wakielea, matumbo juu.

Wengi tulisema alilazimishwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Wewe ulisikiliza hoja zangu zote, kisha ukasema: "Hakuna aliyemlazimisha kuonyesha pale. Bahari ni kubwa." Na yeye, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akajibu kwa sauti ndogo: "Mama, ni pale tu nilipojua kuna samaki." Sijasikia neno lililonihuzunisha kuliko hilo. Walikuwapo kwa sababu uliwalinda. Kama ungeuacha mwamba mtupu kama miamba ya wengine, kusingekuwa na cha kuonyesha.

Hakwenda uwanjani. Alisema askari hawezi kuomba radhi hadharani kwa jambo aliloamriwa na mkubwa wake na kesho arudi kambini salama. Nilimwelewa, na bado namwelewa. Hivyo nyumba yako ikatengwa, kwa sheria yako mwenyewe. Uliendelea kufagia kizingiti ambacho hakuna aliyekivuka isipokuwa sisi wa familia. Wanawake walikusalimu barabarani kwa heshima kamili na wakapita.

Ulipolazwa Hombo, Bi Echati na wenzake walikuja hospitali, kwa kuwa hospitali si nyumba yako. Walikuja na uji na machungwa na ombi. Walitaka useme neno moja tu, nao wangekwenda kwa wazee, na adhabu ingeondolewa kabla ya siku ambayo sote tuliiona inakuja. Ulimshika Bi Echati mkono, ukamwambia, "Msinitobolee mlango wa peke yangu. Mkiniondolea mimi, mtamkatalia nani?" Nilikaa miguuni pa kitanda nikakuchukia, Mama Mkubwa, kwa muda usiozidi wa kumeza mate. Nakuambia kwa kuwa ulikuwa ukinitazama, na nadhani uliona.

Kisha ukaondoka.

Wanawake wote walikuja. Walijipanga kwenye uchochoro, kutoka mlangoni kwako hadi kwenye ngazi, wamejifunika shiromani zao, na hakuna aliyekivuka kizingiti. Ndoo za maji zilipita mkono kwa mkono hadi mlangoni, mimi nikazipokea kwa ndani. Ulikuwa umetaka Bi Echati akuoshe. Alisimama nje ya dirisha la chumba chako, uso ukiugusa ukuta, akaniongoza kwa sauti: "Anza kuume, mwanangu. Maji yasiwe ya moto. Mwinue kichwa polepole, shingo yake inamuuma." Nilikuwa naijua kazi ile, maana wewe mwenyewe ulinifundisha tulipomwosha bibi. Nilimwacha aniambie yote. Mke wa Athumani alimimina, mimi nikaosha, na sauti ikaendelea kutoka nje mpaka sanda ilipofungwa.

Wanaume walikuombea msikitini, wote, kwa sababu hakuna sheria ya mtaa inayozuia sala. Lakini jeneza lilibebwa na wa familia peke yao: baba yangu, kaka zangu wawili, na Athumani. Unajua jinsi jeneza linavyokwenda kwetu, linavyopita juu ya mabega kama maji, kila mtu akitaka hatua zake chache za thawabu. Siku ile mabega hayakubadilishwa. Watu walifuata nyuma, mikono imening'inia, wakimtazama baba akipanda zile ngazi na umri wake. Kaka anasema hakuna aliyezungumza, ila mzee mmoja aliyekuwa akirudia nyuma yao, "Taratibu. Taratibu, jamani." Alikuwa miongoni mwa waliokucheka ukumbini.

Ijumaa iliyofuata Athumani alisimama uwanjani. Hakuvaa sare. Alisema, "Niliamriwa. Lakini njia niliionyesha mimi." Alisema hayo tu, akakaa. Wazee walimpa mkono. Siku ya arobaini, hitima ilisomwa katika nyumba iliyojaa hadi darini. Bi Echati aliingia wa kwanza, akaenda moja kwa moja chumbani kwako na kukaa sakafuni karibu na kitanda.

Sasa swali langu. Je, ulijua kwamba kifo chako ndicho kitakachomfikisha uwanjani? Kuna siku naamini ulijua na ukakubali kulipa hivyo. Siku nyingine naona ninakupamba, kwamba ulikuwa mwanamke mgonjwa aliyeshika neno lake kwa sababu hakujua namna ya kuliachia. Na kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Yule afisa namwona hapa Moroni. Juzi alisimamisha gari karibu na duka la mtaani kwetu, akanunua sigara, akamtania mwenye duka kwa Kifaransa, akaenda zake. Tungemtenga vipi? Hana kizingiti kwetu. Sheria yetu inamweza yule tu anayetaka kuzikwa nasi, yaani yule anayetupenda. Nilipomwambia Bi Echati hivyo, alisema, "Basi tuanze na hao." Sijui kama hilo ni jibu. Linanijia kila ninapoosha vyombo.

Athumani bado yuko kikosini. Ameniapia kwamba wakimuuliza tena mahali penye samaki, atasema hajui. Natamani kumwamini. Nimemwambia nitakuwa namuuliza, kila nikija.

Nyumba ni yangu sasa, kwa kuwa hukuwa na binti. Wanawake wa mtaa waliniuliza kama ningependa sheria ilegezwe, adhabu imwangukie mtu na si nyumba. Walinipa nafasi, kwa sababu yako. Niliomba siku ya kufikiri, nikafikiri, kisha nikawaambia ibaki ilivyo. Sina hakika kwamba nilisema vyema. Lakini nakuahidi hili: sitaomba ilegezwe kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mwanangu, na bamvua ijayo nitashuka naye mwambani, nimshike mkono, nimwonyeshe pa kukanyaga na pasipo pa kukanyaga, kama ulivyonionyesha.

Pumzika, Mama Mkubwa. Mke wa Athumani anafagia kizingiti chako kila asubuhi, na watu wanakivuka.