Dumu la Timu

Jumatatu, 7 Julai
Mafuta yametoka kukamuliwa. Madumu mawili, yamejaa mpaka mdomoni. Alizeti ya shamba la timu, tumelima wote, sisi wanawake wa mpira wa pete hapa Ihanja. Ligi yetu haina mfadhili. Kila timu hutoa madumu mawili kabla ya mechi ya kwanza, kamati inayauza, ndipo refa analipwa na mipira inanunuliwa. Hujatoa, huchezi. Yamewekwa chini ya kitanda changu. Magoti yamekataa kucheza, lakini mtunza mali ni mimi. Najisikia mtu.

Jumatano, 9 Julai
Mzee Njiku wa jirani amefariki. Nimelia sana. Mkewe hana kitu, na wageni wa msiba kutoka Mitundu wameshafika na njaa zao. Maharage yapo, mafuta hakuna. Nikatoa dumu moja. Neema, mke wa mwanangu Daudi, akanishikia upande wa pili. "Mama, hili si la timu?" Nikamwambia nitalirudisha, beba.

Jioni wakatangaza waliochangia. "Mama Daudi, dumu zima la mafuta!" Watu wakashangilia kwa sauti ya msiba. Nahodha wetu akanikumbatia. "Mama, wewe una moyo!" Alidhani ni langu. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Nikajifunga kanga vizuri, nikasema amina.

Alhamisi, 10 Julai
Alizeti yangu mwenyewe ililiwa na ndege. Nimetoka kwenda kuazima, nikarudia njiani. Aliyetoa dumu zima msibani anaazimaje mafuta?

Jumamosi, 12 Julai
Siku mbaya. Kamati wamekuja, wamekuta dumu moja. Mechi ya leo imefutwa, wapinzani wamepewa pointi. Uwanjani wenzangu wakamgeukia Neema. Ndiye mfungaji wetu, anakaa kwangu, na anakaanga maandazi ya kuuza.

"Maandazi ya wiki hii yalinona, eh?" nahodha akasema.

"Kumbe mafuta yetu, halafu tunanunua!" mwingine akadakia. Wakacheka kicheko kibaya.

Neema akanitazama. Mkwe hamwaniki mama mkwe mbele za watu, ndivyo alivyolelewa. Wakamvua jezi pale pale uwanjani.

Mimi shule sikuiona. Herufi hizi ninazoandika alinifundisha yeye, jioni, baada ya kuosha vyombo. Nami nikanyamaza. Mbwa mimi.

Jumapili, 13 Julai
Nimesema.

Leo wameondoa matanga kwa Mzee Njiku, watu wale wale wamekaa. Nikasimama. Nikasema lile dumu halikuwa langu, lilikuwa la timu, Neema hana kosa, mwizi ni mimi.

Mjane akaanza kulia, eti atalipa. Hilo lilinikata maini. Nimemtia aibu mtu mwenye msiba. Nikamwambia, "Hulipi hata tone, mdogo wangu. Ulipewa, umepewa."

Nahodha hakunifokea. Bora angefoka. Alisema tu, "Mama Daudi, ungetuambia tungelitoa wenyewe."

Wangetoa. Nawajua. Nilitaka nitajwe mimi.

Mali ya timu sasa anatunza mwingine. Sawa.

Jumanne, 15 Julai
Nimeuza kuku wote, hata wa mayai. Dumu limefika kwa kamati. Jumamosi timu inacheza. Neema amerudishiwa jezi.

Asubuhi aliniamkia, shikamoo, nikaitikia. Akaniwekea maji ya kuoga, ya moto kama nipendavyo. Alasiri akapita hapa mlangoni kwenda mazoezini. Siku zote hunishika mkono, "Mama, twende ukatupigie kelele." Leo hakuniita. Sikumwuliza.

Nimekaa nje nachambua mchicha. Filimbi naisikia mpaka hapa.