Kamba ya Kupimia Ziwa

Chato

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia, pamoja na picha yako ukipima ufukwe huko Mafia. Mama yako kule kwake amevuna mpunga, na yule ng'ombe mweupe amezaa.

Umeuliza sisi tulijuaje kama ziwa linakula ardhi. Nilipokuwa msichana, kila baada ya mavuno nilihesabu hatua kutoka mlangoni hadi majini, na kila mwaka zilipungua. Nikamwambia baba tuhame. Akatoa kamba ya katani aliyoikata kwa urefu huo siku alipojenga, akanishikisha ncha moja mlangoni, yeye akashuka na nyingine. Ikagusa maji palepale.

"Ziwa halijasogea, mwanangu. Miguu yako ndiyo imerefuka."

Miaka mingi baadaye maji yalikuja kweli, na kamba hiyo ndiyo iliyotuambia mapema. Tukahamia huku juu, tukaiunga kwa kipimo kipya.

Juzi nimehesabu tena. Hatua zimeongezeka, ziwa kama limekwenda mbali. Najua ni miguu yangu tu. Kamba bado ninayo, Kabula. Sina wa kunishikia ncha ya pili.

Bibi yako