Kumwogesha Anisia

Ushirombo, 6 Machi 1983

Mwanangu Leodgar,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Generosa. Mimi mzima, miguu tu inanisumbua. Mvua tumenyimwa, mahindi yamedumaa.

Nakuandikia kwa ajili ya dada yako. Sabuni ya mche imeniishia, na maduka ya hapa hayana kitu. Wewe uliondoka mapema, hujui tunavyoishi. Anisia akimwagiwa maji analia kama aliyeunguzwa. Sabuni yenye manukato inamtapisha. Mimi humpangusa kwa kitambaa, sabuni hiyo ya mche na maji ya uvuguvugu, nikianzia miguuni, na kila mahali namwambia kabla sijamgusa. Nikiruka mahali pamoja tunaanza upya. Sasa ana miaka ishirini na minne, tangu utoto tunafanya hivyo na hakuna jirani aliyejua.

Hii ni wiki ya nne hajaoga. Jumapili kanisani watu walihama benchi letu. Nitafutie huko Geita, hata kipande.

Mama yako,
Salvina


Kalangalala, Geita, 27 Machi 1983

Shikamoo mama,

Barua imefika. Sisi hatujambo, ila Generosa ameshikwa na homa. Nimekwenda mpaka kwa Gulamali, rafu zake tupu, wala hajui kama wiki ijayo atafungua duka. Mchimbaji mmoja ameniuzia sabuni mbili za kutoka Burundi. Zinanukia, lakini ni sabuni. Nimempa dereva wa lori la pamba amfikishie mama mkubwa Febronia, kwa kuwa yeye anakaa kando ya barabara.

Mama, usinikasirikie. Anisia ni mtu mzima, na wewe umemdekeza. Nimemwandikia mama mkubwa aje na wenzake wamwogeshe kama watu wanavyooga. Atalia siku moja, kisha atazoea.

Mwanao,
Leodgar


Kalangalala, 15 Mei 1983

Shikamoo mama,

Naomba barua hii ikukute salama. Ni wiki ya saba sijapata jibu, na mama mkubwa naye kimya. Dereva anaapa kwamba mzigo aliukabidhi mkononi.

Juzi nilimkumbuka Anisia alivyokuwa akinifuata mtoni. Anakaa juu ya jiwe, mbali na maji, ananihesabia nguo ninazofua. Nikikosa moja haniachi mpaka niipate. Niambie tu kama kuna jambo.

Mwanao,
Leodgar


Ushirombo, 19 Juni 1983

Leodgar,

Marahaba. Nipo, zaidi ya hapo sina la kusema juu ya afya yangu. Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa na hasira.

Walikuja Jumamosi moja ya Aprili nikiwa shambani, wanawake wanne. Walimshika uani, wakammwagia ndoo kuanzia kichwani, wakamsugua kwa sabuni uliyotuma. Alipomng'ata Febronia wakamfunga mikono kwa kanga. Niliporudi dada yangu alinipokea kwa furaha, akaniambia binti sasa ananukia vizuri. Febronia si mtu mbaya. Alidhani ametutendea wema.

Tangu siku hiyo Anisia analala kwenye banda la tumbaku. Akiniona na kitambaa anapigapiga kichwa ukutani. Mapajani ana vidonda, na nzi hawamwachi. Nilikwenda zahanati kuomba dawa, muuguzi akasema nimwogeshe kwanza ndipo nimpeleke.

Jioni ya siku ile waliyomwogesha aliniuliza, "Mama, ni wewe uliyewaita?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

Usishangae. Mimi nimezeeka, na nikiondoka hana mwingine ila wewe. Sikutaka akuogope. Nilidhani mimi atanisamehe upesi, kwa kuwa amenizoea. Hajanisamehe. Chakula naweka chini, narudi nyuma, ndipo anakuja kukichukua.

Hiyo barua uliyomwandikia Febronia nimeichoma. Usije ukamwambia Anisia ukweli, hata moyo ukikuuma. Njoo ukae karibu naye, usimguse, usiseme sana. Ukipata ruhusa ya siku tatu, njoo kwa hizo tatu.

Mwezi huu baridi ni kali na banda halina mlango. Kwa hiyo tangu juzi nimehamia kwa jirani yetu Bhoke, ili Anisia akubali kurudi kulala ndani. Jana amerudi. Ukifika, mimi utanikuta kwa Bhoke.

Mama yako,
Salvina