Kibakuli Chenye Pengo

Liverpool, 1 Februari 1994

Mdogo wangu Chiu,

Mwaka wa Mbwa unabisha hodi, nami naomba ukukute mzima, wewe na shemeji Kam-oi. Kifua chako vipi? Bado unakohoa kama basi la zamani? Mimi nipo. Goti moja ni langu, la pili naona kama nimeazimwa.

Nina habari njema. Duka la chipsi nimemwachia mwanangu, na mwezi wa Aprili nakuja nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu nipande meli. Nakuja naye, pamoja na mke wake ambaye ni Mwingereza, na wajukuu wawili wanaoamini kuwa chakula cha Kichina hutoka kwenye kopo. Nataka wale barabarani, wamesimama, mchuzi ukiwachuruzika hadi kwenye viwiko, kama tulivyokula sisi. Lakini mji huo siujui tena. Wewe ni mwalimu, niandikie: tule nini, na tukile wapi?

Na shemeji, bado anauza keki za kibakuli? Nimekula vitamu vya kila namna huku, hakuna kilichokaa ulimini kama zile za mchele na maharage mekundu za marehemu baba yake. Bado anazichomoa kwa vijiti viwili vya mwanzi, mkono ukizunguka mara moja tu, keki nje, kibakuli kimebaki safi? Mwambie nakumbuka nani alimfundisha kuzungusha mkono ule.

Kaka yako,
Bing


Sham Shui Po, 20 Februari 1994

Kaka Bing,

Barua yako imetukuta bado tunamalizia viporo vya sikukuu. Hatujambo. Kifua kinalalamika, lakini kilalamikacho kingali hai. Goti lako lipake mafuta ya nyoka, usiwasikilize madaktari wa huko.

Umeniuliza mle nini. Haya, sikiliza vizuri.

Vidonge vya samaki vya mchuzi wa bizari, kaleni Wan Chai. Tafuteni muuzaji ambaye mchuzi umegandia ukingoni mwa sufuria. Anayeisugua sufuria yake kila siku hana mchuzi, ana maji. Keki za mayai, zile za chuma chenye mashimo, zipo North Point kwa mzee anayetumia mkaa. Msizile hapo hapo. Zipepeeni kidogo, ndipo zinavunjika kwa mlio. Pilipili na bilinganya zilizojazwa samaki na kukaangwa, nendeni Shau Kei Wan, karibu na kituo cha tramu. Hapo hapo kuna supu ya mapezi ya papa isiyo na papa wala pezi. Ni tambi tupu, lakini tieni siki na pilipili manga, mtajiona matajiri. Tofu inayonuka ipo Causeway Bay. Mkwe wako akiziba pua, mwacheni. Akirudi kuchukua kipande cha pili, huyo ameshakuwa wa kwetu.

Utaona vyote viko kisiwani. Huku kwetu, ng'ambo ya maji, msijisumbue. Sham Shui Po bomba la maji machafu limepasuka, barabara yote imechimbuliwa, harufu yake hata hiyo tofu inaionea aibu. Kam-oi naye aliacha kuuza. Mikono inamuuma.

Mkifika tukutane Wan Chai, tunywe chai.

Mdogo wako,
Chiu


Liverpool, 12 Mei 1994

Mdogo wangu Chiu,

Tumerudi salama. Natumaini na wewe u salama, na yale mafua ya shemeji yameisha. Siku tuliyokunywa chai ulikuja peke yako, ukasema ana mafua. Nilipopiga simu juma lililofuata ukapokea wewe, bado mafua. Mafua ya Aprili ni marefu kweli.

Wajukuu wamekula kila ulichoagiza. Mdogo alilia kwa sababu ya pilipili, akaomba tena huku analia. Mkwe alikula vipande vitatu vya ile tofu. Mwanangu alinitazama nikimlipa mzee wa keki za mayai na kupiga naye soga, akasema, "Baba, sijawahi kukusikia ukiongea maneno mengi hivi." Asante, Mwalimu. Ulitupangia safari kama ratiba ya shule.

Ulinicheka kwa sababu ya tai. Ni kweli, mzee mzima na tai kwenye mkahawa wa wabeba mizigo. Nilikuwa nimeivaa kwa ajili ya watu wawili.

Kaka yako,
Bing


Sham Shui Po, 6 Novemba 1994

Kaka Bing,

Nakusalimu nikiwa nimeketi dirishani na blanketi magotini. Sijui baridi imefikia wapi kwenu. Kwetu imefikia ndani ya mifupa yangu. Nisamehe kwa mwandiko. Wanafunzi wangu wangeniona wangefurahi.

Daktari amenionyesha picha ya mapafu. Nimesahihisha karatasi maisha yangu yote, naijua ya aliyefeli nikiiona. Sitafika sikukuu ya makaburi ya Aprili, pengine hata sikukuu ya mwaka mpya. Kwa hiyo acha niseme, maana kule niendako sijui kama kuna posta.

Hakuna bomba lililopasuka. Kam-oi hakuwa na mafua, na mikono yake ina nguvu kuliko yangu na yako tukiunganisha. Anauza mpaka leo, hapa chini ya dirisha langu. Hakujua hata kama ulikuja. Barua yako niliificha kwenye kamusi, mahali ambapo hagusi. Nilikutuma kisiwani, wewe na wajukuu wako, ili usipite barabara hii. Kila jioni nilihesabu mmekula nini, nikajisemea, bado tofu, bado supu, kisha watapanda ndege.

Na kuna la zamani zaidi. Yule bwana mwenye mgahawa Liverpool aliyetaka kijana wa kazi, barua ya kukusifia niliiandika mimi. Nilikuita hodari, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza, mwenye adabu. Nilikusifu ili uende.

Sasa sikia ninachotaka kwako. Unakumbuka siku ulipoangusha kibakuli mbele ya baba yake Kam-oi, ile wiki uliyopanda meli? Kikamegeka ukingoni. Vibakuli vyote vya enzi hizo vimevunjika vikanunuliwa vingine, lakini kile chenye pengo kipo. Kila asubuhi ndicho anachokijaza kwanza, kwa unga wa juu kabisa na maharage mengi, na mvuke ukishaiivisha keki yake anakiweka pembeni mwa mkokoteni, peke yake. Hakiuzwi. Watu wanapanga foleni, keki zinakwisha, kile hakiguswi. Jioni anashusha turubai, sioni tena. Akipanda ngazi na vibakuli vya kuosha, kile kiko tupu kama wenzake.

Nilimuuliza mara moja, mwaka tuliooana. "Hicho cha nani?" Akacheka, akasema, "Kina mwenyewe." Sikuuliza tena. Mwalimu huogopa kuuliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Mimi je, ananiletea nini? Jioni ananipandishia keki moja juu ya vijiti, imefungwa kwenye karatasi, imepoa kama paji la uso wa samaki. "Ndiyo iliyobaki," anasema. Mume wa muuza keki hula kilichokataliwa na wapita njia, na mtu aliye Liverpool huwekewa cha kwanza. Nimeimeza hiyo baridi miaka yote, Bing, na sikuwahi kuacha hata kipande, kwa hasira.

Tangu niugue siendi popote. Nakaa hapa nakitazama kile kibakuli kutwa. Nazeeka nacho. Kuna siku nilitamani kukiangushia chungu cha maua.

Niambie ukweli. Mliahidiana nini? Je, huwa anakuandikia? Sina ngumi ya kukupiga, na hata ningekuwa nayo, bahari iko katikati. Sitaki tu kufa nikiwa na mgeni ndani ya nyumba nisiyemjua jina.

Mdogo wako,
Chiu


Sham Shui Po, 15 Januari 1995

Kaka Bing,

Natumaini hujambo, ingawa leo natumaini kwa shingo upande.

Ile barua uliipata. Kadi yako ya mwaka mpya imefika, na ndani yake umeandika "msalimie shemeji" kama kawaida, bila neno jingine. Mtu asiye na cha kuficha hujibu siku hiyo hiyo. Nimelielewa jibu lako.

Jana nilimwambia Kam-oi simtaki mtu yeyote mwenye tai kwenye mazishi yangu. Akasema, "Homa imekupanda, lala." Sikuwa na homa.

Mdogo wako,
kwa sababu kiapo cha undugu ni kiapo,
Chiu


Liverpool, 22 Januari 1995

Mdogo wangu Chiu,

Naomba barua hii ikukute unapumua. Nimeipeleka posta mwenyewe, na goti langu la kuazimwa, kwenye theluji. Shemeji anaweza kukusomea, ila ukiwa na akili utaisoma peke yako.

Pumbavu wewe. Umelala na mwanamke kitanda kimoja tangu tukiwa na meno yote, halafu swali la mkokoteni wake unamuuliza muuza chipsi wa Liverpool!

Hatukuahidiana chochote. Hajawahi kuniandikia. Ningependa iwe vinginevyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nilikuja Sham Shui Po. Ulidhani ningeamini habari ya bomba? Wewe ukidanganya huwa unaeleza sana. Niliwaacha watoto hotelini, nikavaa tai, nikavuka maji. Nikakuta foleni. Nikapanga foleni kama mtu yeyote. Alipoinua uso aliniangalia juu hadi chini, kisha akasema, "Bing. Umenenepa. Unataka ngapi?"

Basi. Miaka yote nimeiota siku hiyo, na neno lake la tatu likawa idadi ya keki.

Nikacheka, nikamwambia anipe mbili. Nikakiona kile chenye pengo pale pembeni. Nikakijua mara moja. Na mimi nikafikiri kama wewe, Chiu. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Na hiki, si changu hiki?"

Alinichapa vidoleni kwa vijiti. Mbele ya watu.

"Hicho cha Mwalimu," akasema. "Toa mkono."

"Cha Mwalimu? Nani anamwekea mumewe keki kwenye kibakuli kibovu?"

"Ndiyo dawa yake. Mteja akiona pengo haulizi, anaona mkosi. Nikimwekea kwenye kizuri, saa nne kimeshanunuliwa. Na hapendi ya moto. Aliniambia siku ya kwanza kabisa alipokuja kwa baba. Lazima ipoe tangu asubuhi, ndipo anaimaliza yote. Nikimletea ya moto atanitazama kama nimeandika jina langu vibaya."

"Anajua kwamba ndiyo ya kwanza?"

"Ajue ya nini? Nikimwambia nimemwekea, atasema usijisumbue, uza. Namwambia imebaki."

Nikamwomba asikwambie kwamba nilipita. Ndipo akaanza kumhudumia mama mmoja nyuma yangu, na mimi nikasimama na keki zangu mbili kama mtalii.

Sasa sikiliza na hili, maana na mimi sina miaka mingi. Siku hiyo ya kwanza, ulipokuja na vitabu vyako kwapani kununua keki usiyoitaka, mimi ndiye niliyekuwa kwenye mvuke, kijana wa kazi wa baba yake. Niliona unavyomtazama. Nikakuchomolea moja ikiwa bado inatokota, makusudi, nikakwambia "kula upesi." Ukaungua mpaka machozi yakakutoka, na kwa majivuno yako ukamwambia, "Ahsante, ila mimi hupendelea zilizopoa." Nilicheka siku mbili. Kumbe wakati nacheka, yeye alikuwa anaweka akilini.

Kuhusu ile barua ya sifa, nilijua. Hakuna aliyewahi kuniita mwenye adabu kwa nia njema.

Utauliza kwa nini nilinyamaza tangu Novemba. Jibu nilikuwa nalo tayari mfukoni. Nilitaka tu ubaki na mwiba kidogo. Wewe umekula kibakuli kile kila jioni ya maisha yako, Chiu. Mimi nilikigusa nikachapwa. Nilijiambia, miezi miwili haimdhuru. Barua yako ya pili iliponijia na mwandiko umepinda vile, niliona haya.

Kaka yako,
Bing


Sham Shui Po, 9 Februari 1995

Kaka Bing,

Barua yako imenikuta napumua, kwa mkopo. Mwaka wa Nguruwe umeingia, nami nikiwemo. Natumaini theluji haikukuangusha.

Nimeisoma peke yangu. Kisha nikaisoma tena nikiwa natazama chini dirishani. Kilikuwa pale pembeni, na pengo lake limeelekea ukutani, kinapoa.

Jioni Kam-oi alipanda na karatasi yake. Akakaa kando ya kitanda. "Ndiyo iliyobaki," akasema.

Nikamuuliza, "Mbona kila siku hubaki moja tu?"

"Unataka zibaki ngapi? Tufilisike?"

Nikala. Siku hizi kumeza kwangu ni kwa taabu, lakini niliimaliza. Alinisubiri, akapokea vijiti, akavifuta kwenye aproni. Nilitaka kumwambia mambo mengi, likiwemo hili ambalo nakwambia wewe tu: mimi napenda za moto, Bing. Nimezipenda siku zote. Wakati wa mvua nilikuwa nawatazama watoto wa shule wakizipuliza pale chini, mate yakinijaa. Sikumwambia. Nilisema, "Leo imepoa vizuri." Akaniangalia kama mtu aliyepewa cheti, akasema, "Niliianza mapema."

Yule mgeni ameondoka nyumbani mwangu. Kumbe alikuwa amevaa viatu vyangu.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Bado nakuona umesimama kwenye foleni na tai yako, na bado natamani mvua ingekunyeshea. Nikishaondoka, kile kibakuli kitakuwa hakina mtu. Najua utakuja, usinidanganye, goti au si goti. Usikiombe. Usinyooshe mkono. Akikupa yeye mwenyewe, kipokee, kaa kwenye ngazi pale mlangoni, ule, nami sitasema kitu.

Ila nimemwachia Kam-oi usia kuhusu jambo hilo. Nimemwambia, Bing akija, yeye anapenda ikitoka kwenye mvuke, ile inayotokota kabisa, na lazima aile upesi.

Mdogo wako daima,
Chiu