Nanzala Anamtafuta Mwenye Sauti

Langas,
Eldoret.
9 Julai 2025.

Mpendwa shemeji Opondo,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi ya Julai. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la huko Doha halijakumaliza nguvu. Je, kile kikohozi kilichokushika siku za mazishi kilipona? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua haijakatika wiki nzima, na mahindi nyuma ya nyumba yamenipita kimo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, na picha za mtoto ninazokutumia huzifungui. Sikulaumu. Hata mimi kuna siku nilishindwa kumtazama. Ndugu yako Ondiek anarudi huko Jumapili, nami nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi.

Binti yako ametimiza miezi saba. Uliondoka siku ya pili baada ya kumzika mama yake, bila kumpa jina, kwa hivyo tulimwita Nanzala, jina la nyanya yetu. Sasa anakaa bila kushikiliwa. Jino la kwanza limechungulia. Ana paji la uso la Lynette, na akikunja uso, ni dada yangu kabisa amekasirika. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Shemeji, nikueleze jambo ambalo sijamwambia hata mama. Tangu mazishi nilimlea mtoto huyu kimya. Nilimwogesha, nikampa maziwa, nikambeba mgongoni, lakini mdomo wangu haukufunguka. Kila nilipotaka kumwita, niliona uso wa dada yangu ukinitazama kutoka kwenye blanketi, kana kwamba unaniuliza kwa nini nimechukua mahali pake. Wiki ya saba alitabasamu kwa mara ya kwanza. Hakunitabasamia mimi. Alikuwa akitazama leso ya mama yake iliyoning'inia mlangoni. Niliitoa siku hiyo hiyo nikaifungia sandukuni.

Tulipokwenda kliniki kwa chanjo ya wiki ya kumi na nne, nesi Jepchirchir, ambaye ametuhudumia tangu mwanzo, alitikisa kengele ndogo kando ya kichwa cha mtoto. Nanzala hakugeuka. Nesi akamwita, akapiga makofi. Mtoto alitazama dari tu. Nesi akaniuliza kama nyumbani mtoto hutoa visauti anapozungumzishwa. Nikasema hapana. Akaandika kwenye kijitabu kwamba turudi baada ya mwezi mmoja, tupelekwe kupimwa masikio.

Mwezi huo niligonga sufuria nyuma ya mtoto mpaka jirani yangu Waiyego akaja kuuliza kuna nini. Mara nyingine mtoto alishtuka, mara nyingine wala. Nikaanza kuamini kwamba Lynette alikuwa ameondoka na masikio ya mtoto.

Jumamosi moja asubuhi nilichaji simu ya Lynette ili nitafute picha yake ya kumpelekea mama. Kidole kikagusa ujumbe wa sauti.

"Opondo," dada yangu akasema mle jikoni, waziwazi kama mtu aliyesimama kando ya jiko, "huyu mtoto wako humu tumboni hanipi nafasi ya kupumua. Lakini ukiongea anatulia. Njoo uongee naye."

Nanzala alikuwa mkekani akinyonya ngumi yake. Akaacha kunyonya. Akageuza kichwa polepole upande wa simu, akatulia, kisha akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, nyembamba na ndefu. Nilikaa sakafuni nikalia. Siku ya mazishi sikuwa nimelia.

Masikio yalipimwa, yote mawili mazima. Nesi alinieleza kwamba mtoto huzoea sauti ya mama yake tangu tumboni, ingawa baada ya miezi minne yeye asingeapa kwamba ndiyo aliyoitambua. Kisha akauliza kwa upole ni nani huzungumza na mtoto huyu nyumbani. Nikakiri kwamba hakuna.

"Basi hana sababu ya kugeuka," akasema. "Muongeleshe, mama. Hata kama ni habari za viazi."

Tangu siku hiyo namwambia kila kitu. Namwimbia, namwita jina, namweleza mvua inatoka upande gani. Haikupita wiki tatu akaanza kunijibu. Sasa kutwa ni "ba-ba-ba". Nesi anasema bado si neno, lakini nimeona nikuandikie.

Ule ujumbe nao niliucheza kila siku, na hapo nilikosea. Umri huu mtoto huanza kujua kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Nikifunika kijiko kwa kitambaa, anakifunua. Wiki jana, sauti ya mama yake ilipoanza, aliishika simu, akaigeuza, akatazama nyuma yake. Akainua pembe ya mkeka. Kisha akautazama mlango, akangoja. Alingoja sana, shemeji. Nimeizima simu hiyo.

Ujumbe wenyewe haukukufikia. Bando la intaneti kwenye simu yake lilikuwa limeisha, na wewe ulikuwa kwenye ujenzi kule Turbo. Ni wako, na nitakutumia siku utakayoniambia kwamba uko tayari.

Mama anakusalimu, bado anakuombea kwa jina kila Jumapili. Waiyego naye anakusalimu. Mungu akulinde kazini, na akulainishie usingizi.

Sikuombi urudi kabla ya mkataba kwisha. Nakuomba upige simu. Mtoto huyu anamtafuta mwenye sauti. Mmoja siwezi kumletea. Wewe ungali hai.

Ni mimi, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Leonida.